Karatasi yasema dola 7,000, mfukoni zaingia 5,000

Mzazi anapopigiwa simu na mwanawe aliye majuu, huuliza mengi. Huuliza kama amekula, kama theluji imepungua, kama amepata kanisa la karibu, na kama zile pesa za karo ya mdogo wake zitafika kabla ya shule kufunguliwa. Swali moja ndilo husahaulika, nalo ni hili: je, mshahara unaolipwa ndio ule ulioandikwa kwenye karatasi zilizokupatia ruhusa ya kufanya kazi huko?

Usiliite swali la umbea, msomaji. Kwa anayefanya kazi Marekani kwa viza, tofauti kati ya mshahara wa karatasini na ule wa mfukoni si hasara ya pesa tu. Yaweza kumzuia kuongezewa muda wa kukaa, yaweza kumkwamisha Nairobi akija kuzika, na yaweza hata kumharibia njia ya kupata kibali cha kuishi huko daima. La kusikitisha ni kwamba mkosaji ni mwajiri, ilhali anayetokwa jasho mbele ya afisa wa uhamiaji ni mfanyakazi.

Viza tunayoizungumzia ni ile iitwayo H-1B, iliyoanzishwa na sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990. Hupewa watu wa kazi zinazohitaji angalau shahada ya kwanza: wahandisi, wahasibu, wataalamu wa kompyuta, walimu, watafiti na kadhalika. Kila mwaka huwa na nafasi mpya 65,000, na nyingine 20,000 kwa waliopata shahada ya uzamili au zaidi katika vyuo vya huko. Waombaji aghalabu huwa wengi kuliko nafasi, kwa hivyo hupigwa kura. Kijana wa Umoja au Buruburu aliyekwenda kusomea Texas au Minnesota, akimaliza masomo hupata mwaka mmoja wa kufanya kazi ya kujipatia ujuzi, au mitatu iwapo alisomea sayansi, uhandisi, hisabati au teknolojia. Baada ya hapo anahitaji mwajiri wa kumwombea H-1B.

Tia alama kwenye neno hilo, kumwombea. Mfanyakazi hajiombei viza hii. Ni mwajiri anayepeleka karatasi, na huzipeleka kwa awamu mbili. Kwanza huiandikia Wizara ya Leba ya Marekani tamko la masharti ya kazi, akitaja cheo, mji na mshahara. Tamko hilo likiidhinishwa, hulibandika kwenye ombi lenyewe, Fomu I-129, na kulipeleka kwa idara ya uhamiaji. Katika fomu hiyo mshahara hutajwa tena, na mwajiri hutia sahihi akiapa kwamba yote aliyoyaandika ni kweli.

Mshahara huo nao hauchaguliwi kwa kubahatisha. Sheria yamtaka mwajiri atazame viwango viwili: kile anacholipa wafanyakazi wake wengine wenye ujuzi na kazi kama hiyo, na kile ambacho kwa kawaida hulipwa kwa kazi hiyo katika eneo hilo. Kilicho juu kati ya hivyo viwili ndicho cha lazima. Shabaha yake ni kwamba mgeni asitumiwe kama kibarua wa bei rahisi wa kumnyang'anya mwenyeji kazi. Kwa hiyo kijana wetu anapolipwa pungufu, anayeibiwa si yeye peke yake. Sheria inaona na Mmarekani anayeketi dawati la pili ameibiwa pia, na hiyo ndiyo sababu serikali ya huko hulichukulia jambo hili kwa uzito kuliko tunavyodhani.

Sasa tuseme karatasi zako zasema dola 84,000 kwa mwaka, yaani 7,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Unafika kazini, mwezi unaisha, unatazama hati yako ya mshahara na kuona 5,000. Ukihesabu dola moja kwa shilingi 130, kuna shilingi 260,000 ambazo kila mwezi zinabaki kwa mwajiri. Unamuuliza, naye anatabasamu na kukwambia kwamba ile ya karatasini ilikuwa "ya kuridhisha serikali tu". Maneno hayo yana umri mrefu, na ni uongo mtupu.

Njia wanazotumia

Wajanja wa kupunja wana njia nyingi, na iliyo maarufu kuliko zote ni ya benchi. Kampuni nyingi za kompyuta hazina kazi zao wenyewe. Huwakodisha vijana kwa kampuni nyingine, leo benki, kesho hospitali. Kazi ya benki ikimalizika na ya hospitali haijapatikana, kijana huambiwa akae nyumbani asubiri, bila malipo. Hukaa wiki tatu, mwezi, miezi miwili, wanne chumba kimoja, wakipika ugali kwa zamu na kutazama simu. Hii ndiyo iitwayo kuwekwa benchi. Hata kwenye kandanda mchezaji wa akiba ana mshahara wake, ingawa kwa vilabu vyetu hapa nyumbani hilo nalo ni hadithi nyingine.

Mnamo 1998 Bunge la Marekani liliziba mwanya huo. Tangu wakati huo sheria yasema wazi kwamba kama kazi haipo kwa sababu ya mwajiri, mshahara waendelea kama kawaida. Tena malipo hayangoji siku ambayo mwajiri ataona ni heri. Ukiwa umetoka nje ya nchi, yaanza ukiingia kazini, na kwa vyovyote si zaidi ya siku 30 tangu uingie Marekani kwa viza hiyo. Ukiwa tayari uko huko, kama wale waliokuwa wanafunzi, mwisho ni siku 60 tangu ulipostahili kumfanyia kazi mwajiri huyo. Kwa hivyo anayekwambia "utaanza kulipwa tukikupatia mteja" anakuomba umkopeshe mshahara wako mwenyewe bila riba.

Njia ya pili ni ya makato. Utaona kwenye hati ya mshahara kumekatwa pesa za wakili, ada za viza, vifaa vya kazi, au "gharama ya mafunzo". Wakili aliyeandika ombi la H-1B ni gharama ya mwajiri, kwa kuwa ombi ni lake. Pesa hizo hazipaswi kutolewa kwenye mshahara wako ukashuka chini ya kiwango cha lazima. Ipo pia ada ya kugharimia mafunzo ya Wamarekani, dola 750 kwa kampuni ndogo na 1,500 kwa kubwa, ambayo mfanyakazi haruhusiwi kulipa hata akitaka mwenyewe. Nyumba ya kampuni yaweza kukatwa ukikubali kwa maandishi na kwa hiari yako, lakini mwajiri hana ruhusa ya kuifanya biashara: asikate zaidi ya gharama yake halisi au ya kodi ya kawaida mtaani, lolote lililo dogo.

Halafu kuna kupunguziwa saa. Ombi lasema kazi ni ya siku nzima, biashara inazorota, bosi anasema utakuwa unakuja siku tatu kwa wiki. Hilo laweza kuwa halali kwa Mmarekani. Kwako wewe si halali mpaka mwajiri apeleke ombi jipya lenye saa mpya. Ni vivyo hivyo ukihamishwa mji. Ombi la Dallas halikufuati hadi San Francisco, ambako kiwango cha mshahara ni kingine kabisa. Tangu uamuzi wa mwaka 2015 wa kesi iliyohusu kampuni ya Simeio Solutions, mwajiri anayempeleka mfanyakazi kwenye eneo linalohitaji tamko jipya la Wizara ya Leba sharti pia arekebishe ombi lenyewe kwa idara ya uhamiaji.

Njia ya mwisho ndiyo mbaya zaidi: mikataba miwili. Mmoja wa kuonyesha ubalozini, mwingine wa kweli. Mfano wake uliojulikana ulimwenguni haukuwa wa H-1B bali wa viza ya watumishi wa nyumbani wa wanadiplomasia, nao wafaa kukumbukwa na jamaa zetu wanaochukuliwa na wakubwa kwenda kulea watoto New York na Washington. Desemba 2013 naibu wa mkuu wa ubalozi mdogo wa India mjini New York, Devyani Khobragade, alikamatwa. Waendesha mashtaka walidai kwamba mkataba uliopelekwa kuombea yaya wake viza ulisema dola 9.75 kwa saa, huku mkataba wa pili ukisema rupia 30,000 kwa mwezi, sawa na dola 573 hivi, ambazo zikigawanywa kwa saa zilifika dola 3.31. Yeye alikana mashtaka, na Januari 2014 akaondoka Marekani akiwa na kinga ya kibalozi. India na Marekani karibu zishikane mashati kwa sababu ya jambo hilo. Ona basi: karatasi mbili za mshahara wa yaya mmoja zatikisa nchi mbili!

Kwa nini ni shida yako

Mtu atasema, kama kosa ni la mwajiri, mimi nina hofu ya nini? Nivumilie tu, angalau ni dola.

Jibu ni kwamba H-1B ina miaka mitatu mara ya kwanza, na kwa kawaida haivuki sita. Kila unapoomba kuongezewa muda, au mwajiri mpya anapokuombea umhamie, idara ya uhamiaji hutaka kuona kwamba ulikuwa ukiishi kwa kufuata masharti ya viza yako. Ushahidi ni hati za mshahara za miezi ya karibuni na fomu iitwayo W-2. Hiyo W-2 ni ndugu yake P9 yetu, ile karatasi ambayo mwajiri wako hapa hukupa kila mwaka ukapeleke kwa KRA. Afisa huweka ombi mkono wa kulia na W-2 mkono wa kushoto. Hili lasema 84,000, hiyo yasema 60,000. Hapo ndipo barua ya kutaka maelezo huandikwa.

Au tuseme umerudi nyumbani Desemba. Muhuri wa viza kwenye pasipoti umekwisha, kwa hivyo inabidi uende Gigiri kutafuta mwingine kabla ya kurejea kazini. Afisa wa ubalozi ana uwezo wa kukuuliza maswali yale yale, na kukuambia usubiri wakati karatasi zikichunguzwa. Kule Marekani umeacha nyumba unayoilipia kodi, gari la mkopo, pengine mke na mtoto. Hapa umekaa sebuleni kwa mama ukihesabu siku. Wengi huanza kuwaza juu ya mshahara pungufu siku hiyo, si siku walipoanza kupunjwa.

Lakini usishtuke ovyo, maana si kila tofauti ni uhalifu. Wako wanaokosa usingizi bure. Kwanza linganisha mshahara kabla ya kodi. Usilinganishe na kile kinachoingia benki. Pili, kama ulianza kazi Oktoba mosi, siku ambayo viza nyingi mpya huanza, W-2 yako ya mwaka huo itaonyesha miezi mitatu tu. Kwa mfano wetu itakuwa dola 21,000 na hakuna kosa lolote. Tatu, tazama kisanduku kinachofaa. Kisanduku cha 1 cha W-2 huonyesha mshahara baada ya kuondoa akiba ya uzeeni iitwayo 401(k) na, mara nyingi, bima ya afya ya familia. Mtu aliyeweka akiba dola 10,000 ataonekana amelipwa pungufu kwa dola 10,000. Kisanduku cha 5 hakiondoi akiba hiyo, na akiba yenyewe huandikwa kwenye kisanduku cha 12 kwa herufi D. Ukijumlisha haya na hesabu ikakaribia ile ya ombi, kunywa chai yako kwa amani.

Likizo pia huhesabiwa. Mama aliyejifungua akakaa nyumbani bila malipo, au aliyeomba mwenyewe ruhusa aje kumuuguza mzazi Machakos, hajavunja sheria, wala mwajiri hajaivunja kwa kutomlipa siku hizo, maadamu mpango wa kazi na sheria nyingine hazimlazimishi. Muhimu ni kwamba ombi la likizo litoke kwake kweli na liwe kwa maandishi. Kuna waajiri ambao, wakikosa kazi ya kumpa mtu, humletea barua atie sahihi kwamba ameomba likizo. Barua kama hiyo usiitie sahihi.

Niongeze neno kuhusu kibali cha kuishi daima, maana hapa watu huchanganya. Mwajiri anapokuombea kibali hicho huandika mshahara mwingine, ambao mara nyingi ni mkubwa kuliko wa sasa. Huo ni wa kazi utakayofanya kibali kikipatikana. Si lazima uulipwe leo. Linalotakiwa ni mwajiri athibitishe kwamba ana uwezo wa kuulipa tangu tarehe ombi lilipoanza. Kwa hivyo usimshtaki mtu kwa mshahara ambao siku yake haijafika. Ila makosa ya H-1B hukufuata hadi huko: sheria humsamehe aombaye kibali kwa njia ya kazi iwapo alikiuka masharti kwa jumla ya siku zisizozidi 180 tangu alipoingia nchini mara ya mwisho. Zikizidi hapo, mambo huwa mazito.

Kulalamika

Sasa tufike kwenye lenyewe. Aliyepunjwa afanye nini?

Anayo haki ya kupeleka malalamiko kwa kitengo cha mishahara na saa za kazi cha Wizara ya Leba, kwa Fomu WH-4. Halipishwi. Muda ni miezi 12 tangu mara ya mwisho alipokosewa. Akiwa ndani ya muda huo, pesa anazodai zaweza kuhesabiwa nyuma zaidi ya miezi hiyo. Wizara ikimpata mwajiri na hatia, humwamuru alipe malimbikizo yote, yaweza kumtoza faini, na yaweza kumpiga marufuku kuleta wafanyakazi wa kigeni kwa mwaka mmoja au zaidi. Mwajiri haruhusiwi kumlipiza kisasi aliyelalamika. Kanuni ya uhamiaji ya mwaka 2017 yaenda mbele zaidi: mfanyakazi akionyesha kwamba alifukuzwa kwa sababu aliripoti uvunjaji huo, idara yaweza kumsamehe kule kupoteza uhalali wake anapoomba kuhamia kwa mwajiri mwingine.

Je, hufanya kazi kweli? Tazama yaliyotokea Maryland, jirani ya jiji la Washington. Shule za umma za wilaya ya Prince George's zilikuwa zimeajiri walimu wengi kutoka nje, hasa Ufilipino, kwa H-1B. Walimu hao waliachiwa kulipa ada ambazo kisheria zilikuwa za mwajiri, na hivyo mshahara wao halisi ukashuka chini ya ule wa lazima. Mwaka 2011 Wizara ya Leba na wilaya hiyo walikubaliana: walimu 1,044 warudishiwe zaidi ya dola milioni 4.2, na faini ya dola 100,000 ilipwe. Ushindi mkubwa, sivyo? Subiri kidogo. Wilaya ilipigwa pia marufuku ya miaka miwili ya kuwaombea wageni viza. Maana yake ni kwamba walimu ambao viza zao zilikuwa zikikaribia kwisha hawakuweza kuongezewa muda na mwajiri huyo. Wapo waliolipwa haki yao kisha wakamwaga unga.

Nimelisimulia hilo makusudi, kwa sababu washauri wengi husema "lalamika" kana kwamba ni sawa na kumpigia kelele makanga wa matatu. Kwa maoni yangu, aliye kwenye H-1B na anayepunjwa atafute mwajiri mwingine kwanza, lakini asiiache ile miezi 12 ipite. Sheria ya mwaka 2000 yamruhusu kuanza kazi mpya pindi ombi la mwajiri mpya linapopokelewa, bila kungoja liidhinishwe, mradi hali yake ni halali wakati huo. Na akifutwa kabla hajapata pengine, tangu 2017 hupewa muda wa hadi siku 60, au mpaka viza yake iishe kama ni mapema zaidi, wa kutafuta kazi au kufunga virago. Mwajiri anayemfuta kabla ya muda wa ombi kwisha pia anadaiwa nauli ya kumrudisha kwao. Wengi hawajui, nao waajiri hawana haraka ya kuwajuza.

Kuna mtego mmoja ambao ningependa mwanafunzi ausome mara mbili. Baadhi ya kampuni za uchochoroni humwambia kijana asiye na kazi: "Tuletee dola zako mwenyewe, nasi tutakuandikia hati ya mshahara, tukate kodi, tukurudishie zilizobaki. Uhamiaji wakiuliza, karatasi ziko sawa." Hapa mambo hugeuka. Mpaka sasa tumezungumza juu ya mtu aliyeibiwa. Huyu sasa ni mshiriki wa uongo. Kudanganya ili kupata manufaa ya uhamiaji ni kosa linaloweza kumfungia mtu mlango wa Marekani maisha yake yote, na misamaha yake ni michache na migumu. Heri mwenye pengo la miezi miwili kwenye hati zake na maelezo ya kweli kuliko mwenye hati kamili za kughushi.

Nahofia mitego ya namna hii itaongezeka. Septemba 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi tangazo, lililowekewa muda wa miezi 12, linalodai dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya Marekani. Mwezi huo huo serikali yake ilipendekeza kura ya viza isiwe bahati nasibu tupu, bali mwenye mshahara wa kiwango cha juu awe na nafasi zaidi ya kuchaguliwa. Viwango ni vinne. Mtu anaelewa nia yake. Lakini mwajiri asiye mwaminifu naye anaelewa: ukiandika mshahara mnono kwenye fomu, mtu wako ana bahati zaidi. Kuulipa ni kitu kingine.

Na sisi tulio huku? Jamaa huchanga, hufanya harambee, huweka hati ya shamba rehani, kisha kijana akiondoka hubaki na hofu ya kusema mambo yanamwendea mrama. Anakopa kwa marafiki ili atume zile dola 300 za kila mwezi, maana ataonekana amesahau kwao. Mjomba anamuuliza mbona hajajenga. Mwajiri mpunjaji hamjui mjomba huyo, lakini anamtegemea sana.

Anapopiga simu tena, mwombe akutumie nakala ya tamko lile la mshahara. Sheria yasema mwajiri ampe nakala kabla au siku ya kuanza kazi, na alibandike mahali wafanyakazi wanapoliona. Akisema hajawahi kuliona, hata wewe ukiwa kwenye saiba ya mtaani waweza kutafuta: Wizara ya Leba ya Marekani huchapisha kwenye intaneti orodha za matamko hayo, zenye jina la kampuni, cheo, mji na mshahara ulioahidiwa, bila jina la mfanyakazi. Ziko wazi kwa yeyote. Kisha akutumie hati zake za mshahara, kila mwezi, na barua zote alizoandikiana na bosi, zihifadhiwe nyumbani, kwa sababu siku ya kufutwa kazi barua pepe ya kampuni hufungwa kabla mtu hajafika mlangoni. Juu ya bahasha andika tarehe ya mara ya mwisho alipolipwa pungufu. Miezi 12 huhesabiwa kutoka hapo.